Jinsi ya kusakinisha toleo jipya la kihariri cha Vim kwenye Linux

WATUMIAJI wengi wa mfumo wa Linux hukipata kihariri cha Vim kikiwa tayari katika tarakilishi zao, au hukipata kwa kuandika amri moja tu. Tatizo huzuka baadaye, pale wanapogundua kwamba toleo walilo nalo limepitwa na wakati.

Mwanafunzi hufuata maelekezo ya kitabu kipya, lakini amri aliyofundishwa ikakataa. Mtayarishaji wa programu hutaka kutumia kiongezo cha kumsaidia kuandika msimbo, naye akaambiwa kwamba hakifanyi kazi na toleo lolote lililo chini ya 9.0. Msimamizi wa seva husoma habari za kasoro ya kiusalama, akabaki akijiuliza iwapo mashine yake imo hatarini.

Shida ya watu hawa watatu inafanana, ila dawa yake ni tofauti. Wa kwanza huenda anahitaji tu kifurushi kamili badala ya kile kidogo. Wa pili huenda akalazimika kuijenga programu mwenyewe. Wa tatu huenda asihitaji toleo jipya hata kidogo. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua hali ya kila mmoja, hatua za kufuata, na hatari ambazo mtumiaji apaswa kujihadhari nazo.

Vim ni nini?

Kihariri matini ni programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi matupu, yaani maandishi yasiyo na mapambo ya ukubwa wa herufi wala picha. Ndicho chombo kinachotumiwa kuandika msimbo wa programu, mipangilio ya seva na kurasa za wavuti.

Asili ya Vim ni kihariri kiitwacho vi, kilichotungwa na Bill Joy mwaka wa 1976 alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani. Kibodi ya kituo alichotumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vibonye vya herufi H, J, K na L. Ndiyo sababu hadi leo mtumiaji wa Vim anaweza kusogeza kielekezi kwa herufi hizo nne.

Mwaka wa 1988 Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi, alianza kuunda kihariri cha aina hiyo kwa ajili ya tarakilishi yake ya Amiga. Toleo la kwanza kutolewa kwa umma lilitoka mwaka wa 1991. Hapo mwanzo jina Vim lilikuwa kifupi cha maneno yenye maana ya "mwigo wa vi". Kufikia mwaka wa 1993, mwigo huo ulikuwa umekipita kilichoigwa, na maana ya jina ikabadilishwa kuwa "vi iliyoboreshwa".

Tangu hapo matoleo yamefuatana. Toleo la 7.0 la mwaka wa 2006 lilileta ukaguzi wa tahajia. Toleo la 8.0 la mwaka wa 2016 liliwezesha kazi kadhaa kuendelea kwa wakati mmoja bila kumsimamisha mwandishi. Toleo la 8.1 la mwaka wa 2018 lilileta dirisha la amri ndani ya kihariri chenyewe, nalo la 8.2 la mwaka wa 2019 likaongeza vidirisha vinavyoelea juu ya maandishi. Toleo la 9.0, lililotoka Juni 2022, lilileta lugha mpya ya kuandikia viongezo, ambayo waundaji wake walieleza kuwa inaweza kutekeleza kazi kwa kasi ya mara 10 hadi 100 kuliko ile ya awali.

Moolenaar alifariki Agosti 3, 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kazi ilichukuliwa na kundi la wataalamu wa kujitolea likiongozwa na Christian Brabandt, nalo toleo la 9.1, lililotoka Januari 2, 2024, likatolewa kwa kumbukumbu yake.

Uhusiano na Uganda

Si watumiaji wengi wa Afrika Mashariki wanaofahamu kwamba kihariri hiki kina uhusiano wa karibu na eneo lao. Mwaka wa 1994, Moolenaar alifanya kazi kwa kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, eneo la Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Kibaale hii isichanganywe na wilaya yenye jina hilo iliyoko magharibi mwa nchi hiyo.

Rakai ni miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa vikali na janga la Ukimwi katika miaka ya 1980, na watoto wengi waliachwa mayatima. Moolenaar aliporejea Uholanzi alianzisha wakfu wa ICCF Holland ili kukichangia kituo hicho. Badala ya kuiuza programu yake, aliwaomba wanaoitumia na kuridhika nayo wawasaidie watoto hao. Kwa miaka mingi ombi hilo lilionekana mara kwa mara kwenye skrini Vim ilipofunguliwa bila faili.

Kwa nini toleo la ghala huwa nyuma?

Katika Linux, aghalabu programu hazipakuliwi moja moja kutoka kwa waundaji. Kila aina ya Linux, mathalani Debian, Ubuntu au Fedora, ina ghala lake la programu. Wasimamizi wa ghala huchukua msimbo asili kutoka kwa waundaji, wakaujaribu, wakaufunga katika kifurushi na kukitia sahihi ya kidijitali. Mtumiaji huagiza kifurushi hicho kwa amri moja.

Debian hutoa toleo thabiti takriban kila baada ya miaka miwili. Ubuntu nayo hutoa toleo la kudumu kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili. Toleo likishatangazwa, programu zilizomo hubaki zilivyo. Kinachoongezwa baadaye ni viraka vya usalama na marekebisho ya makosa makubwa.

Hivyo basi, Ubuntu 20.04 ina Vim 8.1, Ubuntu 22.04 ina Vim 8.2, nayo Ubuntu 24.04 ina Vim 9.1. Kwa upande wa Debian, toleo la 11 lina Vim 8.2, la 12 lina Vim 9.0 na la 13, lililotoka Agosti 2025, lina Vim 9.1.

Utaratibu huu haukutokana na uzembe. Seva ya benki au ya hospitali haiwezi kubadilishiwa programu kila wiki. Mwenye seva hiyo huthamini uthabiti kuliko upya. Hata hivyo, anayejifunza au anayeandika programu kwenye tarakilishi yake binafsi anaweza kuwa na haja tofauti.

Hatua ya kwanza: Kujua kilichopo

Kabla ya kusakinisha chochote, mtumiaji afungue dirisha la amri na kuandika:

vim --version | head -n 3

Mstari wa kwanza utataja toleo, kwa mfano 9.1. Chini yake kutakuwa na nambari za viraka vilivyojumuishwa. Nambari hizi zina uzito, kwa kuwa waundaji wa Vim hutoa mabadiliko madogo madogo kila mara kwa njia ya viraka. Vim 8.2 iliyomo katika Ubuntu 22.04 ina viraka hadi cha 3995, kwa hivyo inatofautiana pakubwa na Vim 8.2 iliyotoka mwaka wa 2019.

Iwapo jibu ni kwamba amri ya vim haipo, ilhali amri ya vi inafanya kazi, basi huenda mashine hiyo ina kifurushi kidogo kiitwacho vim-tiny. Kifurushi hiki huwekwa ili kumwezesha msimamizi kurekebisha faili wakati wa dharura. Hakina rangi za kutofautisha sehemu za msimbo wala kurasa za usaidizi.

Dalili yake inayowaudhi wengi ni hii: mtu anapobonya mishale ya kibodi huku akiandika, herufi A, B, C au D hujitokeza ndani ya maandishi. Wengi hudhani kibodi imeharibika au toleo ni kuukuu. Kumbe kinachokosekana ni kifurushi kamili tu.

Njia ya kwanza: Kutumia ghala rasmi

Hii ndiyo njia rahisi na salama zaidi, na inafaa kujaribiwa kabla ya nyingine zote. Katika Debian na Ubuntu, amri ni hizi:

sudo apt update
apt policy vim
sudo apt install vim

Amri ya kwanza husasisha orodha ya vifurushi vilivyomo ghalani. Ya pili huonyesha toleo lililosakinishwa na lile ambalo ghala linaweza kutoa, ili mtumiaji aamue kabla ya kutumia data yake. Ya tatu husakinisha. Neno sudo humpa mtumiaji mamlaka ya msimamizi kwa muda, na mfumo utamtaka aandike neno lake la siri. Herufi za neno hilo hazionekani zinapoandikwa, na hiyo si kasoro.

Katika Fedora, kifurushi kamili huitwa vim-enhanced:

sudo dnf install vim-enhanced

Ikiwa toleo la ghala linatosheleza haja, safari inaishia hapo. Mtumiaji hana sababu ya kujitwisha mzigo wa njia zinazofuata.

Jambo jingine la kupima ni umri wa mfumo wenyewe. Anayetumia Ubuntu 20.04, ambayo muda wake wa kawaida wa huduma ulikamilika mwaka wa 2025, anafaa kufikiria kuhamia toleo jipya la mfumo mzima. Kubadilisha kihariri pekee katika hali hiyo ni kama kupaka rangi mlango wa nyumba inayovuja.

Maghala ya watu binafsi

Ubuntu huruhusu watu binafsi kufungua maghala yao na kuwagawia wengine vifurushi vipya. Njia hii ni ya haraka, na kwa miaka mingi imependekezwa kwa wanaotaka Vim mpya.

Hata hivyo, anayeongeza ghala kama hilo humpa mwenyewe uwezo wa kuweka programu yoyote katika mashine yake kwa mamlaka ya msimamizi. Mwenye ghala anaweza pia kuacha kazi, akafunga ghala au akapatwa na msiba, na vifurushi vyake vikabaki bila mtu wa kuviangalia. Kwa seva ya kazini, njia hii haifai bila idhini ya wanaohusika na usalama.

Njia ya pili: Kujenga kutoka msimbo asili

Pale ambapo ghala halina toleo linalohitajika, njia ya uhakika ni kuchukua msimbo asili kutoka kwa waundaji na kuujenga papo hapo, kazi ambayo mafundi huiita kukompaili. Jina la njia hii huwatisha wengi, lakini Vim ni miongoni mwa programu zinazojengeka kwa urahisi.

Tahadhari ya kwanza ni kutoondoa toleo la zamani. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Vim mpya inaweza kukaa pamoja na ya zamani bila kugombana, na iwapo ujenzi utashindikana, mtumiaji atabaki na chombo cha kufanyia kazi. Jambo hili ni la lazima kwa anayeshughulikia seva iliyo mbali, ambako kihariri kikikosekana hata kosa dogo la mipangilio huwa taabu kulirekebisha.

Tahadhari ya pili ni kuhifadhi nakala ya mipangilio. Mapendeleo ya mtumiaji hukaa katika faili iitwayo .vimrc na katika folda ya .vim, zote zikiwa ndani ya folda yake ya nyumbani:

cp ~/.vimrc ~/.vimrc.nakala
cp -r ~/.vim ~/.vim.nakala

Iwapo mfumo utajibu kwamba faili au folda haipo, basi hakuna kilichopotea. Maana yake ni kwamba mtumiaji hajawahi kuweka mapendeleo yake.

Hatua inayofuata ni kusakinisha zana za ujenzi:

sudo apt install git build-essential libncurses-dev

Zana ya git hutumika kupakua msimbo. Kifurushi cha build-essential kina programu zinazougeuza msimbo kuwa programu inayotekelezeka. Cha tatu, libncurses-dev, huiwezesha Vim kuchora maandishi yake kwenye dirisha la amri.

Anayetaka kunakili maandishi kutoka Vim na kuyabandika katika programu nyingine aongeze libxt-dev wakati huu. Asiposakinisha kifurushi hicho mapema, Vim itajengwa bila uwezo huo, wala haitatoa onyo.

Baada ya hapo, msimbo upakuliwe:

git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git
cd vim

Maneno --depth 1 huiambia git ilete hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote ya miaka mingi. Kwa mtu anayelipia data kwa kipimo, tofauti yake ni kubwa.

Kisha mtumiaji atayarishe ujenzi:

./configure --with-features=huge --prefix=$HOME/.local

Sehemu ya kwanza ya amri hii huomba Vim yenye uwezo mwingi. Ya pili huelekeza kwamba programu isakinishwe ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe. Faida yake ni kwamba haihitaji mamlaka ya msimamizi, haigusi faili za mfumo, na haiwabadilishii kitu watumiaji wengine. Mwanafunzi anayetumia tarakilishi ya chuo anaweza kuitumia njia hii, mradi zana za ujenzi zimo katika mashine hiyo.

Hatimaye, ujenzi na usakinishaji:

make
make install

Amri ya make itajaza skrini kwa mistari mingi. Hilo ni jambo la kawaida. La kuangaliwa ni mistari ya mwisho: neno linaloashiria kosa lisipoonekana, kazi imefaulu.

Baadaye, mtumiaji atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena. Katika Debian na Ubuntu, mfumo hutambua folda ya .local/bin wakati wa kuingia, ikiwa ipo. Akiruka hatua hii, ataandika vim na kufunguliwa ile ya zamani, kisha adhani kazi yote imeambulia patupu.

Kuthibitisha

Amri ifuatayo huorodhesha kila Vim iliyomo katika mashine, ikianza na ile itakayofunguliwa:

type -a vim

Iliyo katika .local/bin inapaswa kutangulia iliyo katika /usr/bin. Mtumiaji arudie pia amri ya vim --version na kulinganisha nambari. Anayetaka kujua kama uwezo wa kunakili na kubandika umejumuishwa aandike:

vim --version | grep clipboard

Alama ya kujumlisha mbele ya neno hilo humaanisha upo, nayo ya kutoa humaanisha haupo.

Kipimo cha mwisho ni kufungua Vim na kuandika:

:help uganda

Ukurasa unaoeleza habari za Kibaale ukifunguka, ni ishara kwamba faili za usaidizi zimesakinishwa mahali pake. Kifurushi kidogo cha vim-tiny hakiwezi kuuonyesha ukurasa huo.

Kutoka, mtumiaji abonye kitufe cha Esc, aandike :q na kubonya Enter. Akiwa ameandika kitu na anataka kukihifadhi, aandike :wq. Akitaka kutoka bila kuhifadhi, aandike :q! na hapo mabadiliko yote hutupwa.

Makosa ya kawaida

Kosa la kwanza hutokea wakati wa ./configure, ambapo ujumbe hudai kwamba maktaba ya kuendeshea dirisha la amri haikupatikana. Dawa yake ni kusakinisha libncurses-dev na kurudia amri hiyo.

La pili ni kukosa uwezo fulani baada ya ujenzi kukamilika. Mtumiaji asakinishe kifurushi kilichokosekana, kisha asafishe mabaki ya ujenzi wa kwanza kwa make distclean kabla ya kuanza upya kutoka ./configure. Bila kusafisha, majibu ya ukaguzi wa mwanzo hutumiwa tena na hakuna kinachobadilika.

La tatu ni ujumbe wenye nambari E484, unaosema kwamba faili haiwezi kufunguliwa. Aghalabu husababishwa na mtu aliyenakili faili moja ya programu kutoka mashine nyingine akaziacha faili zinazoandamana nayo. Amri ya make install ndiyo huzipanga zote ipasavyo.

La nne ni viongezo vya zamani kugoma katika toleo jipya. Ili kujua kama kosa ni la Vim au la mipangilio, mtumiaji aifungue hivi:

vim --clean

Amri hii huanzisha Vim bila mapendeleo wala viongezo vya mtumiaji. Ikifanya kazi vyema, kosa limo katika .vimrc au katika kiongezo kimojawapo.

Iwapo mtumiaji atajuta, arudi katika folda ya msimbo na kuandika make uninstall. Ile ya zamani, ambayo haikuguswa, itaendelea kutumika.

Suala la usalama

Baadhi ya watu husaka toleo jipya kwa hofu ya wavamizi. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa 2019 iligunduliwa kasoro katika uwezo wa Vim wa kusoma mipangilio iliyoandikwa ndani ya faili yenyewe. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kutayarisha faili ya maandishi ambayo, ikifunguliwa tu, ingetekeleza amri zake katika mashine ya mwathiriwa. Kasoro hiyo ilizibwa kwa kiraka cha 8.1.1365.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Wasimamizi wa maghala ya Debian na Ubuntu huchukua kiraka cha usalama na kukishonea kwenye toleo la zamani bila kubadilisha nambari kuu. Mashine inayosomeka kuwa na Vim 8.0 inaweza kuwa imeshazibwa tundu hilo. Msimamizi asihukumu kwa nambari pekee. Aandike:

apt changelog vim

Amri hii huonyesha orodha ya mabadiliko, pamoja na kasoro za kiusalama zilizorekebishwa, kila moja ikiwa na nambari yake maalumu.

Kinyume chake, Vim iliyojengwa kutoka msimbo asili haimo katika orodha ya ghala. Mfumo unapojisasisha, toleo hilo huachwa lilivyo. Mwenye kuijenga hugeuka kuwa mlinzi wake, na asipoishughulikia kwa miaka miwili anaweza kujikuta na programu dhaifu kuliko ile aliyoikimbia. Kuisasisha si kazi ngumu. Atarudi katika folda ya msimbo na kuandika:

git pull
make
make install

La muhimu ni kujiwekea siku, labda mara moja kwa mwezi, ya kufanya kazi hiyo. Anayejua kwamba hatapata nafasi au atasahau, heri abaki na toleo la ghala.

Ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili

Wanaoandika Kiswahili wana sababu nyingine ya kutumia Vim kamili. Tangu toleo la 7.0, kihariri hiki kinaweza kukagua tahajia za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mtumiaji aandike:

:setlocal spell spelllang=sw

Iwapo faili ya maneno ya Kiswahili haimo, Vim itauliza kama iipakue. Ikishapatikana, maneno yanayotiliwa shaka yatawekewa alama. Vibonye ]s hupeleka kielekezi kwenye neno linalofuata lenye shaka, z= huleta mapendekezo, nayo zg huliingiza neno katika kamusi ya mtumiaji.

Mwandishi asishangae kuona maneno sahihi yakiwekewa alama. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba viambishi vya nafsi, wakati, mtendwa na kauli, na orodha ya maneno haiwezi kumaliza maumbo yote hayo. Kila anapoongeza neno, kamusi yake huzidi kukomaa.

Uamuzi wa mtumiaji

Kwa muhtasari, anayekerwa na vim-tiny asakinishe kifurushi cha vim kutoka ghala rasmi. Anayetumia mfumo uliopitwa na muda wa huduma aubadilishe mfumo. Msimamizi wa seva asome kumbukumbu za viraka kabla ya kugusa chochote. Anayehitaji uwezo ambao ghala lake halina, na aliye tayari kuutunza, ndiye anayefaa kujenga kutoka msimbo asili.

Naye aliyefaulu kusakinisha na kufungua ukurasa wa :help uganda asiufunge kabla ya kuusoma. Hakuna aliyemtoza hata senti kwa programu hiyo. Ukurasa huo unaeleza jambo ambalo mwenye kazi alilitaka badala ya malipo, na walengwa wake ni watoto wa Kibaale, majirani wa msomaji wa Afrika Mashariki.